Mkunjo wa Tisa

Fundi wa kujalidi vitabu alikuwa na desturi moja. Kila kitabu kilipotoka kwenye kibanio, gundi ikiwa imekauka, alikifungua mahali patatu, mwanzoni, mwishoni na katikati, aone kama mgongo unakunjuka bila kulalamika. Kusoma hakukuwamo katika desturi hiyo. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa ameshona madaftari ya mahakama, kamusi zilizochoka, vitabu vya sala na rejesta za shule, na hakuna hata kimoja alichojua kinasema nini kupita yale maneno ya kwenye jalada. Watu walipomshangaa aliwajibu kwa sauti yake ya chini kwamba kinyozi naye hasomi mawazo ya kichwa anachokinyoa.

Lakini siku alipokifungua kitabu cha binti wa mkewe katikati, jicho lake liliangukia mstari mmoja. Kunguru alicheka, akaficha mkate ndani ya kofia, akasema, "Huu wa kesho. Hata nikifa nitarudi kuufuata."

Fundi akasoma mstari uliofuata. Halafu ukurasa. Halafu akavuta kigoda kwa mguu, akakaa. Alipokuja kushtuka, gundi ilikuwa imekauka kwenye brashi, jambo ambalo halikuwahi kumtokea tangu ujana wake.

Hakuelewa hata chembe. Kunguru hakuwa ndege, hilo alilipata baada ya kurasa mbili. Alikuwa kijana mwizi mwenye maneno mengi. Alikuwapo msichana aliyeitwa Mshika Taa, na kinu kibovu walimojificha, na Mfalme wa Chumvi aliyekuwa akiwatafuta kwa sababu ambayo kila mtu mle kitabuni aliijua isipokuwa fundi. Ilikuwa kama kuingia arusini kwa watu usiowajua, ukawakuta wanacheka, nawe ukaanza kucheka.

Kitabu chenyewe kilikuwa cha nne katika mfululizo wa vitabu vya vijana ulioitwa *Milango ya Ukungu*. Mkewe, karani wa posta, alikiokota kwa muuza vitabu vikuukuu wa kando ya barabara, hakina jalada, uzi umeoza, na sehemu ya chini ya kila ukurasa imeliwa na maji mpaka ikawa nyeusi. Alikileta karakana akakiweka mezani, akasema, "Binti amesoma vitatu vya mwanzo kule tulikokuwa tunakaa. Cha nne amekitafuta mwaka mzima. Kazi kwako, mume wangu."

Fundi alielewa kwamba hakuwa akipewa kitabu tu. Ndoa ile ilikuwa na miezi saba. Binti, mwenye miaka kumi na mitatu, alihamia nyumbani kwake na begi moja na adabu nyingi mno. Alisalimia asubuhi na jioni, aliosha sahani yake, lakini tangu aingie hakuwahi kumwita fundi jina lolote. Si baba, si mjomba, wala Gundi kama walivyomwita mtaani. Akitaka chumvi, alisubiri fundi amtazame, ndipo akaiomba. Akimkuta amempa mgongo, alikohoa. Fundi hakumlaumu, alijua vitu vingine haviharakishwi, na kwamba karatasi ukiikunja kwa nguvu inapasuka. Ila alichoka kukoholewa.

Basi akakishona kile kitabu kwa uzi wa katani ulio bora, akakivisha jalada la kitambaa cha kijani, akampa binti. Binti alikipokea kwa mikono miwili. "Asante," akasema, akimtazama.

Siku ya nne fundi akamwambia, huku akiona haya kama aliyekuja kuazima kiatu, "Ukimaliza, niazime kidogo. Kuna mahali niliona... kuna huyo Kunguru."

"Naweza kukupa asubuhi, nikienda shule," binti akasema. "Lakini jioni nakitaka. Nakirudia."

Ndivyo kitabu kilivyopata nyuzi mbili za kuwekea alama, nyekundu ya binti na nyeusi ya fundi. Nyeusi ilitembea pole pole, kwa sababu mwenyewe alisoma saa ya chakula cha mchana tu, kidole kikifuata mstari, na kila asichokielewa alikiandika nyuma ya kipande cha kadibodi. Vipande vikajaa mfuko wa shati.

Jioni moja mezani akashindwa kuvumilia. "Huyu Bibi wa Ngazi," akasema, "ni mtu mzuri au mbaya?"

Binti akaacha kutafuna. "Umefika wapi?"

"Pale anapowapa ufunguo wa mfupa."

"Hujasoma cha kwanza."

"Sijasoma."

"Wala cha pili."

"Wala cha tatu."

"Sasa unaelewa nini?"

Fundi akalifikiria swali kama lilivyostahili. "Sielewi kitu," akasema. "Lakini siwezi kuacha."

Mama mtu akaweka bakuli chini. "Nilikuwa na mmoja, sasa ninao wawili," akasema. "Mkianza kuongea na ukungu, mniambie mapema nihame."

Binti akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, lakini fundi alikisikia, na tangu hapo vipande vya kadibodi vikawa vinatolewa kila jioni. Kwa nini ukungu unaogopa chumvi? Huyo farasi asiye na kivuli alitoka wapi? Binti alijibu kwa upole wa mwalimu wa darasa la kwanza, wakati mwingine akisimama na kuonyesha kwa vijiko nani alisimama wapi. Majibu yake yalizaa maswali mengine mawili kila moja. Fundi alikwenda kulala kichwa kikimzunguka, na alifurahi.

Kilichomtatiza kuliko vyote kilikuja siku ya kumi. Alikuwa amefika mahali Mshika Taa yuko kinuni na wenzake, na ukurasa ukaisha hivi: *Mshika Taa aliinua mkono wake ili*. Akafunua. Ukurasa uliofuata ukaanza: *walipofika mtoni farasi wote walikuwa wamelala.*

Alirudi nyuma akasoma tena, kisha akavua miwani akaipangusa. Akajiona mjinga. Alikuwa ameacha shule akiwa na umri ule ule wa binti. Alichokijua alijifunza mwenyewe, kwa kuangalia mikono ya wengine, na siku zote alihofu kwamba kuna kitu ambacho waliosoma wanakijua na yeye hatakipata kamwe. Jioni akamwonyesha binti mahali penyewe, kwa unyonge.

Macho ya binti yakang'aa. "Umeuona," akasema.

"Nimeona nini?"

"Mlango. Kwenye cha tatu, kila Mshika Taa akipita mlango wa ukungu, sentensi inakatikia hapo hapo, na nyingine inaanza upande wa pili. Mwandishi hakwambii kwamba amepita. Wewe unatakiwa ushtuke."

"Nilishtuka."

"Basi umesoma vizuri."

Fundi hakukumbuka lini mara ya mwisho mtu alimwambia neno kama hilo.

Akasonga mbele. Wakafika darajani, na darajani Mfalme wa Chumvi akamwangusha Kunguru mtoni. Fundi alikuwa peke yake karakana. Alikaa na mkate wake mkononi bila kuuma. *Maji yakamfunika Kunguru, na Mshika Taa akapiga kelele hadi*, ukurasa ukaishia hapo, na uliofuata ukaanza: *kuzima taa, lakini Kunguru akamzuia.* Na kumbe Kunguru huyo yuko hai, mkavu, yuko kinuni, anacheka, anaficha mkate ndani ya kofia, anasema hata akifa atarudi kuufuata. Kurasa kumi na sita yuko hai. Kisha sentensi ikakatika tena, na wenzake wakawa ukingoni mwa mto wanamlilia.

"Sasa," fundi akauliza jioni hiyo, "wanamlilia nini mtu waliyekula naye?"

Binti akatazama jikoni alikokuwa mama yake, akapunguza sauti. "Nitakwambia, lakini isitoke hapa. Kwenye duara hatuzungumzi kitabu kabla ya siku yake."

Duara lilikuwa la wasomaji wadogo pale maktaba, watoto kumi na watano na mkutubi wao, wanaokutana mara moja kwa mwezi. Binti alikuwa amehudhuria mara mbili bila kufungua kinywa, kwa kuwa yupo msichana mmoja waliyempachika jina la Profesa, ambaye mtu akikosea hata kidogo humtazama, akamwachia nafasi, kisha akacheka puani. Jumamosi hii zamu ilikuwa ya kitabu cha nne, na binti, kwa mara ya kwanza, alikuwa ameinua mkono akaomba kusema.

Akaleta daftari. Kurasa kumi na moja, mwandiko mdogo, mistari imepigwa kwa rula.

"Watu wote wanadhani kwenye cha nne hakuna milango," akasema. "Hata nyuma ya kitabu cha tatu imeandikwa hivyo, kwamba milango imefungwa. Mimi nimeipata minne. Imefichwa. Kunguru amekufa, lakini nyuma ya mlango wa pili bado yuko hai, kwa sababu kule ni jana. Wamepita, wamekaa naye, wametoka, ndiyo maana wanalia. Wamemwacha kule. Na yeye mwenyewe amesema atarudi." Akafunga daftari. "Kwenye cha tano watamfuata. Unaonaje?"

Fundi akaona kwamba ni jambo la ajabu na zuri kupita kiasi. Akasema hivyo. Usiku ule binti alipokwenda kulala alisimama mlangoni mwa chumba chake akasema, "Usiku mwema," bila kukohoa kwanza.

Alhamisi mkutubi akaingia karakana na kitabu mfukoni. Alikuwa mtu mrefu mwenye haraka. "Jalada limeng'oka," akasema. "Kibandike tu kwa muda, Jumamosi nakihitaji kwa duara." Kilikuwa *Milango ya Ukungu*, cha nne.

Fundi alikipaka gundi, akakibana, akakitoa, akakifungua mahali patatu. Alipofika katikati akajiambia atazame mkate wa Kunguru, kama mtu anayepita kwa rafiki kumjulia hali. Akaupata. Akafunua mbele kidogo awatafute wenzake wakimlilia ukingoni. Hakupata kilio. Akapata daraja, na Kunguru anaangushwa.

Akakuna kichwa. Mkate umetangulia, daraja limefuata. Wazo lake la kwanza, na alilishikilia kwa muda mzuri, lilikuwa kwamba kitabu cha maktaba kimekosewa. Maskini wale watoto, akawaza, watasoma mambo kinyume. Akaangalia chini ya kurasa kupata ushahidi. Namba zilikuwapo, moja baada ya nyingine, zimepangwa kama askari.

Ndipo akakiendea kitabu cha kijani, kilichokuwa kwenye rafu na uzi mweusi ndani yake. Chini ya kurasa zake hapakuwa na namba yoyote. Alizikata mwenyewe. Zilikuwa katika ile sehemu iliyooza.

Akaketi. Akaanza kuhesabu mikunjo, yaani yale mafungu ya kurasa yanayokunjwa pamoja na kushonwa kwenye mgongo, akilinganisha na kitabu cha maktaba. Wa saba sawa. Wa nane sawa. Baada ya wa nane ukaja wa kumi. Wa kumi na moja. Wa kumi na mbili. Kisha wa tisa. Kisha wa kumi na tatu.

Hakuamini, kwa kuwa ana njia ya kujilinda na kosa hilo. Kabla ya kushona huipanga mikunjo wima, akapiga mstari mmoja wa penseli kwa mshazari kwenye migongo yote, kutoka wa kwanza hadi wa mwisho. Mkunjo ukihama, mstari unavunjika, na hata mtu asiyejua kusoma atauona. Aliinamisha jalada akachungulia mgongoni. Mstari ulikuwapo, umenyooka, haujavunjika mahali.

Basi akafunga macho akairudia siku ile kwa mpango, hatua kwa hatua, na akaiona. Kazi ilikuwa ikienda vizuri. Alikuwa amekwisha kata kingo, na mkunjo wa tisa ulikuwa mkononi mwake, ameutenga ili abandike karatasi laini penye mpasuko. Mlango ukafunguliwa, na binti akaingia, mara ya kwanza kabisa kufika pale, ametumwa na mama yake kuleta ufunguo wa nyumba. Fundi alisimama haraka kumwondolea kigoda makopo, akampangusia vumbi, akamuuliza kama anataka maji. Binti alikaa dakika mbili akaondoka. Fundi akarudi kazini akiwa na furaha, akauchomeka mkunjo wa tisa pale mkono ulipopaona, akachukua penseli na kupiga mstari wake. Aliupiga vizuri sana. Aliupiga juu ya kosa.

Milango mitatu ilikuwa yake: mkunjo ulipotoka, ulipoingia, ulipoishia. Na Kunguru amekufa kweli.

Jioni alimweleza mkewe wakianua nguo. Mkewe alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika shuka.

"Ukimwambia, atalia," akasema. "Usipomwambia, atalia mbele ya watu. Hakuna cha tatu, usikitafute."

"Naweza kukishona upya kimya kimya."

"Na daftari lake utalishona upya?"

Fundi akakunja shuka kwa upande wake. "Ndiyo kwanza ameanza kuongea nami," akasema.

"Najua," mkewe akasema. "Nami naishi humo humo ndani."

Ijumaa binti alipita karakana akitoka shule, kama walivyopatana. Fundi alikuwa amekiandaa kigoda, na mezani vitabu viwili sambamba, vyote vimefunguliwa. Alikuwa amejaribu mwanzo wa maneno yake tangu asubuhi, na wote ukamtoroka.

"Nimekosea," akasema. "Kitabu chako nimekishona vibaya. Huu mkunjo ulitakiwa uwe hapa, mimi nimeuweka hapa. Soma chako, halafu usome hiki, cha maktaba."

Binti hakukaa. Alisoma akiwa amesimama, begi mgongoni. Alisoma *ili* katika kitabu kimoja, akahamia kingine akasoma *kuzima taa*. Alisoma *hadi*, akahamia, akasoma *sauti ikamkauka*. Alifanya hivyo mara mbili. Nje mtu alikuwa akigongagonga bati.

"Kwa hiyo si mlango," akasema.

"Si mlango. Ni mimi."

"Na huu?"

"Huo pia mimi."

"Kunguru amekufa."

"Amekufa."

"Kwenye mkate alikuwa hajafa. Alikuwa anatania tu."

"Nadhani alikuwa anatania."

Binti alivua begi akaliweka chini kwa uangalifu, kama lina mayai. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, lakini hayakumwagika. "Ningesema vyote hivyo," akasema. "Mbele ya Profesa. Kurasa kumi na moja."

Fundi alisema tu kwamba ilikuwa siku ile alipoleta ufunguo. Hakusema ili ajitetee, bali kwa sababu katika kazi ile kosa hutajwa pamoja na lilipotokea. Binti akakumbuka. "Ulinipangusia kigoda mara tatu," akasema. "Nikajua kuna kitu hakiko sawa."

Akalitoa daftari, akachukua penseli ya fundi kutoka mezani, akaanza kufuta. Alifuta mlango wa kwanza, wa pili, wa tatu, kwa mstari mrefu unaopita ukurasa mzima. Alipofika wa nne mkono ukasimama.

"Huu je?"

"Upi?"

"Wa Bibi wa Ngazi. Anafunga dirisha."

Fundi hakuwa na habari nao. Uzi mweusi haukuwa umefika huko. Binti akafunua kitabu cha kijani hadi karibu na mwisho, akaweka kidole. *Bibi wa Ngazi alifunga dirisha, akageuka, na kabla*. Hakuna nukta. Chini yake, aya mpya: *Asubuhi ngazi ilikuwa na vidato kumi na vitatu.*

"Siku zote ina kumi na viwili," binti akasema. "Tangu cha kwanza. Watu huvihesabu wakipanda."

Fundi akakiinamia. Akatazama kwanza kwa jicho la kazi: mahali penyewe pako katikati ya ukurasa, katikati ya mkunjo, mbali na ukingo wowote. Hakuna sindano iliyowahi kufika hapo. Kisha akavuta kitabu cha maktaba, akaenda pole pole hadi ukurasa wa mia tatu thelathini na moja, akasoma kwa kidole.

*Akageuka, na kabla*. Hakuna nukta.

"Huo si wangu," akasema.

Wakatazamana.

"Labda waliokipiga chapa walikosea," akaongeza, maana hakutaka kumtia moyo kwa uongo. "Labda nao walikuwa na mtu aliyeingia na ufunguo."

"Labda," binti akasema. "Na kile kidato?"

Fundi akakifikiria kile kidato. Hakukielewa. Kadiri alivyokifikiria ndivyo kilivyozidi kupanda. "Sijui," akasema.

"Nami sijui," binti akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. Ilikuwa ile ya mezani, ya vijiko. "Hakuna aliyeuona. Nami nisingeuona kama nisingekuwa natafuta ile mingine."

Akauliza kama kitabu kinaweza kufumuliwa leo. Fundi akasema kinaweza, ila kitalala kwenye kibanio mpaka kesho mchana. Binti akasema haina neno. Fundi akatia kisu mgongoni, akakata nyuzi zake mwenyewe moja moja, na mikunjo ikaachana. Binti aliishika akamkabidhi kwa mpango, akisoma kwa sauti neno la mwisho la kila mmoja na la kwanza la unaofuata. Ilipopangwa yote, fundi akafuta mstari wa zamani, akampa penseli. Binti akapiga mpya. Haukunyooka sana, lakini ulipita kote.

Kabla hajaanza kushona, binti akamwomba mkunjo wa tisa kidogo. Akausoma pale pale kwenye kigoda kurasa zake zote, kinu, taa, mkate, kofia, kisha akaurudisha mahali pake, kabla ya daraja.

Jumamosi asubuhi walikwenda maktaba pamoja, kwa sababu fundi alikuwa na kitabu cha kurudisha na binti hakuwa na cha kwake cha kubeba, isipokuwa daftari. Katika zile kurasa kumi na moja zilibaki mbili. Njiani alizisoma kimya, midomo ikicheza. Mara moja tu binti alisema, "Nikikosea?" fundi akajibu, "Utasema umekosea wapi," na wakaendelea.

Mlangoni mkutubi alikipokea kitabu, akakibonyeza mgongo, akaridhika. Akamtazama binti, akamtazama fundi. "Kumbe mnajuana. Huyu ni nani wako?"

Binti akawaza. Fundi akaangalia viatu vyake.

"Huyu ndiye aliyeniharibia kitabu," binti akasema. "Tunasoma pamoja." Akaingia ndani kwa wenzake.

Mkutubi hakuelewa, lakini alikuwa na haraka. Fundi akabaki kwenye kaunta na kuuliza kama kitabu cha kwanza kipo. Kilikuwapo, kimechakaa pembe, mgongo unalalamika. Akaketi kwenye benchi la ukutani. Mlango wa chumba cha duara ulikuwa wazi nusu, na aliweza kuona kisogo cha binti, amesimama, daftari mkononi, na mbele yake msichana mmoja aliyeinamisha kichwa upande akisubiri. Sauti ya binti ilianza chini sana. Alisikia neno moja moja: dirisha, kidato, sijui. Kisha alisikia, "Sijui, ndiyo maana nauliza," na baada ya hapo kimya, na katika kimya hicho karatasi nyingi zikifunuliwa kwa pamoja, za watu wanaoutafuta ukurasa. Kama kuna aliyecheka puani, hakumsikia.

Akafungua kitabu cha kwanza, mwanzoni. Palikuwa na soko asilolijua, na mvua, na mtu mwenye jicho moja ambaye hakuwahi kumsikia, na neno ambalo huenda lilikuwa jina la mji au la ugonjwa. Kichwa kikaanza kumzunguka. Akatoa kipande cha kadibodi mfukoni, akaandika swali la kwanza. Halafu akafunua, na kwenye ukurasa wa pili mtoto mmoja mchafu mwenye kofia kubwa akapenya katikati ya watu, akatazama kushoto, akatazama kulia, akaiba mkate.

Fundi akainua kichwa kuelekea kile chumba. Binti alikuwa bado anaongea. Akaweka kidole chake kwenye mstari, kisipotee, akasubiri binti atoke, apate kumwambia.